Gari Lililolilia Jina

Vumilia wa Nyihogo alipewa jina hilo na wazazi wenye matumaini makubwa, na mpaka leo hakuna jina lililomkosea mtu hapa Kahama kama lile. Njaa anaivumilia. Jua la saa nane analivumilia. Hata mume wake Abel, anayekoroma kama karasha linalosaga mawe ya dhahabu, anamvumilia mwaka wa kumi na tisa sasa. Kinachomshinda ni kimoja tu: rangi ya gari iliyopulizwa vibaya. Hapo roho yake inakuwa fupi kama kiberiti cha mwisho.

Alizaliwa Ngokolo, Shinyanga mjini, na baba yake alikuwa fundi rangi. Wenzake walipojifunza kusoma kwa kufuata herufi na kidole, yeye alijifunza kwa kufuata milango ya magari. Siku ya kipaimara chake, Baba Askofu alipofika mbele yake na kumuuliza kama anamkataa shetani, Vumilia alijibu kwamba anamkataa, halafu akaongeza kuwa mlango wa nyuma wa gari la Baba Askofu umerudiwa rangi na aliyeurudia hakuusugua vizuri. Kanisa zima lilisikia. Dereva wa askofu, aliyekuwa amegonga ng'ombe na kunyamaza miezi minne, alikiri palepale kwenye benchi bila hata kwenda kwa padri.

Alipofikia umri wa kuposwa, mchumba wa kwanza alirudishwa kwa sababu ya tangi la pikipiki yake. Wa pili alikuja kwa miguu, naye ndiye Abel. Kwenye picha ya harusi, bwana harusi anaitazama kamera, na bibi harusi anautazama mkwaruzo kwenye bonneti la gari la maharusi kwa sura ya mtu aliyefiwa.

Banda lake liko nyuma ya mashine za kukoboa mpunga, na hiyo ndiyo adhabu yake duniani. Mashine zikishaanza kazi saa mbili asubuhi, pumba zinaruka, zinatua kwenye rangi mbichi, na gari linatoka na ndevu. Kwa hiyo Vumilia hupuliza rangi alfajiri, anamaliza, anafunika, anaanza kusali. Miaka kumi na moja ameota kitu kimoja: chumba cha tofali chenye mlango wa kufunga, yeye na gari ndani, pumba nje.

Mwaka huu ndoto hiyo ilikaribia. Mzee Bartholomeo, mwenye mabasi yanayokwenda Mwanza na Geita, alitaka kubadilisha rangi ya mabasi yake yote saba. Aliahidi kwamba fundi atakayeipata kazi hiyo atajengewa chumba hicho kwanza, maana naye hakutaka mabasi yenye ndevu. Waliobaki kwenye kinyang'anyiro walikuwa wawili: Vumilia, na Marcel wa ng'ambo ya barabara, mwanamume anayepaka rangi haraka kiasi kwamba aliwahi kupaka gari na mjusi juu yake. Jibu lilikuwa litoke Jumapili.

Sasa, kabla mambo hayajaharibika, ijulikane kwamba mafundi rangi wana Kiswahili chao. Ukipuliza rangi nyingi mahali pamoja, ikawa nzito, ikateremka na kukauka ikiwa matone, fundi anasema rangi imelia. Yale matone ni machozi. Ikikauka na vijipele vidogovidogo badala ya kulainika kama kioo, hilo ni ganda la chungwa. Vumilia alikuwa ameizoea lugha hii hadi akasahau kwamba watu wengine, wakisikia neno kulia, wanawaza kilio.

Alhamisi mchana, Mabula akaingia bandani na gari jipya.

Mabula ni mwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, huko upande wa Bulyanhulu. Shimo lake la nane lilikuwa limemtapikia mali mwezi Machi, na kabla udongo haujamkauka miguuni alikuwa ameagiza gari la kifahari la michezo, la milango miwili, jekundu, jipya kutoka kiwandani, sifuri kilomita. Lilikuja kutoka Dar es Salaam juu ya lori, limefunikwa kama bibi harusi. Plastiki za viti alikataa kuzitoa. Ukikaa unapiga kelele kama mtu anayekanyaga mifuko ya sukari.

Tatizo lilikuwa matuta. Gari lile lilikuwa chini sana hata kuku alilitazama kwa dharau, na barabara za Kahama zina matuta kama mgongo wa mamba. Mabula akaajiri wabeba mizigo wanne wa sokoni. Walikuwa wakilifuata kwa bajaji, na kila tuta walishuka, wakalibeba na mwenyewe akiwa ndani ameshika usukani, wakalitua upande wa pili. Gari linaloweza kukimbia kilomita mia tatu kwa saa lilitumia saa moja na nusu kutoka Majengo hadi Nyihogo, na jasho lote lilikuwa la wabebaji.

"Mwadila, fundi," Mabula alisalimu kwa Kisukuma, akitoka garini kwa magoti kama anayetoka kwenye duara.

"Mwadila, tajiri. Mhola?"

"Mhola duhu. Nataka uniandikie maneno kwenye kioo cha nyuma. ASANTE DUARA NAMBA NANE. Herufi zilale kidogo, zionekane zinakimbia."

Vumilia hakumsikia. Alikwisha kuanza kulizunguka gari, mikono nyuma, shingo upande. Macho yalipofika kwenye paa akakunja uso. Alipofika mlango wa kushoto akachuchumaa. Akainamisha kichwa, akautazama uakisi wa nguzo ya banda kwenye ile rangi nyekundu. Kwenye rangi nzuri nguzo ingesimama wima. Hii ilikuwa inacheza ngoma.

"Tajiri," alisema kwa sauti ya daktari, "hili gari limelia."

"Limelia?"

"Limelia sana. Machozi matatu haya hapa, chini ya kitasa. Tia kidole usikie."

Mabula alitia kidole. Akayasikia: moja, mawili, matatu.

"Limelia lini, fundi? Nimelala nalo usiku mmoja tu."

"Halikulia kwako. Lililia hukohuko lilikozaliwa, kiwandani."

"Linalia nini?"

"Haraka tu! Walilikimbiza. Hawakulipatia muda, wakalitoa duniani hivyohivyo."

Mabula akaupapasa mlango. "Litanyamaza?"

"Lenyewe haliwezi. Mpaka lipate mtu wa kulishika taratibu, kwa mkono mlaini. Ukiliacha hivi, kila mwenye macho ataliona linalia, hata miaka ishirini."

Mabula hakusema neno la maandishi tena. Aliingia garini kwa adabu, akafunga mlango polepole kama unavyofunga mlango wa chumba cha mtoto aliyelala, akaondoka. Kwenye tuta la kwanza Vumilia alimsikia akiwaambia wabebaji, "Taratibu jamani, msilitikise, lina huzuni." Akadhani tajiri ana utani.

Ijumaa jioni Abel alirudi kutoka soko la mchele, akakaa, akamtazama mkewe kama anavyomtazama mteja aliyemzidishia chenji.

"Mama Nasibu. Ni wewe uliyesema gari la Mabula linatokwa machozi?"

"Ni mimi. Mlango wa kushoto."

"Ya maji?"

"Maji gani? Ya klia, ile rangi ya juu inayong'aa."

"Sokoni wanasema ya chumvi. Kuna mtu ameyaonja."

Vumilia alikaa chini juu ya ndoo. Abel akaendelea kumpa habari kwa mafungu, kama mpishi anayepakua. Mabula alimpelekea habari mama yake, Bi Lusia, na Bi Lusia hakushangaa hata kidogo. Mtoto mchanga asiye na homa, aliyeshiba, mkavu, na bado analia, kwao jibu lake linajulikana: analilia jina. Kuna mzee wa ukoo anayetaka kukumbukwa. Mnayataja majina ya wazee moja baada ya jingine, na atakaponyamaza, jina lililotajwa ndilo lake. Bi Lusia mwenyewe alilia siku nne hadi alipopewa jina la bibi yake, na lile la Lusia ni la ubatizo, lilikuja baadaye likakuta kelele zimekwisha. Sasa gari halina homa, tangi limejaa, halijalowa, linalia. Jumamosi ukoo unakutana.

"Na wewe umealikwa," Abel alimalizia. "Ndiye unayeyaona machozi. Kila jina likitajwa, utasema kama limenyamaza."

Vumilia alivaa ndala zake bila kuzitazama, akatoka na moja nyekundu na moja ya Abel. Alitaka afike kwa Mabula akaweke mambo sawa. Hakuvuka hata barabara. Marcel alikuwa amesimama mbele ya karakana yake, na mbele ya Marcel alikuwa amesimama Mzee Bartholomeo na bakora yake.

"Mzee, nakuuliza wewe mtu mzima," Marcel alikuwa akisema kwa sauti ya kusikika Ushirombo, "kiwandani wanaopaka rangi ni maroboti. Roboti hatetemeki, hanywi, hagombani na mkewe. Roboti atakosea? Halafu huyu mama anaona machozi kwenye gari la sifuri kilomita! Kesho ataona kamasi kwenye basi lako."

"Shikamoo, Mzee Bartholomeo," Vumilia alisema.

"Marahaba, mwanangu. Hivi ni kweli umeyaona?"

"Ni rangi, mzee! Rangi ya kiwandani imelia. Imepulizwa vibaya."

Mzee Bartholomeo alimtazama kwa huruma, na hiyo huruma ilimchoma kuliko matusi. "Mwanangu, ungesema ni mizimu ningekuelewa. Lakini kiwanda kikosee? Gari jipya la bei ile?" Akatikisa kichwa. "Mimi mabasi yangu siwezi kumpa mtu anayeona kisichokuwepo. Kesho nimealikwa kwa Mabula. Tutaonana hukohuko, na Jumapili nasema neno langu."

Akaenda zake. Marcel akajifuta mashavu kwa kitambaa chenye dawa ya kuyeyushia rangi, akijifanya analia, halafu akalia kweli kwa sababu ya ile dawa.

Kwa Mabula mambo yalikuwa mabaya zaidi. Vumilia alieleza mara tatu, mara ya mwisho kwa kuchora ukutani na mkaa. Mabula alimsikiliza kwa upole wa mtu anayemsikiliza shahidi aliyetishwa.

"Fundi, usiogope. Uliona ulichoona. Mimi nimewapigia hata walioniuzia, Dar es Salaam. Nimewaambia gari lenu linalia. Unajua wamenijibu nini?"

"Wamesema nini?"

"Wamesema hiyo iko ndani ya viwango." Mabula alifungua mikono. "Unaona? Wanajua! Yote yanalia, ila hawasemi."

Ndivyo ilivyokuwa Kahama nzima siku ile. Kuamini kwamba gari linalia lilikuwa jambo jepesi, la kufanya mtu akiwa anakula karanga. Kuamini kwamba kiwanda kimekosea, hilo lilihitaji imani kubwa mno, na watu walikuwa na shughuli.

Jumamosi saa nne, uwanja wa Mabula ulikuwa umejaa. Turubai lilifungwa, viti vilikodishwa, sufuria tatu za pilau zilipandishwa, na gari liliwekwa katikati juu ya mkeka. Bi Lusia, mwembamba, mfupi, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alikaa kwenye kigoda karibu na mlango wa kushoto akiwa na kibuyu cha maji yaliyokorogwa na unga wa mtama. Vumilia alipewa kiti upande wa pili wa kitasa. Mzee Bartholomeo alikaa mstari wa mbele. Marcel hakualikwa, kwa hiyo aliwahi kuliko wote.

"Gali letu," Bi Lusia alianza, maana herufi ya r hakuwahi kuihitaji maishani, "kama unamlilia Machibya, nyamaza."

Akalirushia maji ya kibuyuni. Maji ya unga yalitua kwenye rangi nyekundu, yakateremka. Vumilia alifumba macho kama aliyepigwa kofi.

"Fundi. Limenyamaza?"

Vumilia akainama, akatazama chini ya kitasa. Machozi matatu, palepale. Angeweza kusema ndiyo. Neno moja tu, Machibya anapata gari, watu wanapata pilau. Lakini mdomo wake, kwenye mambo ya rangi, haukuwahi kumtii.

"Bado, mayu," alisema, yaani mama.

Akatajwa Lugembe. Bado. Akatajwa Ngassa. Bado. Nkwabi, Kashinje, Mihayo, hakuna. Mjomba wa Mabula akadai baba yake atajwe mara mbili kwa kuwa alikuwa mzito wa masikio. Akatajwa mara mbili, ya pili kwa kupiga kelele. Bado. Akatajwa mzee mmoja aliyekufa akiwa hajamaliza kulipa ng'ombe wa mahari, wakwe zake waliokuwepo wakaguna, na gari nalo, kwa maelezo ya Vumilia, halikupendezwa.

Jina la kumi na tano lilipopita, harufu ya pilau ilianza kutembea uwanjani kama mgeni rasmi. Jina la ishirini lilipopita, watu walianza kumtazama Vumilia badala ya gari.

"Fundi, chunguza vizuri, mimi naona limepungua," alisema mmoja.

"Hata sisi tukilia huwa tunabaki na alama," alisema wa pili. "Hayo ni makavu, jamani. Limenyamaza tangu Kashinje!"

"Bado," alisema Vumilia.

"We mama una watoto?"

"Ninao."

"Wanakula saa ngapi kwako?"

Jina la thelathini na moja lilikuwa la mzee ambaye hata Bi Lusia alimjua kwa kusimuliwa tu, aliyeliwa na fisi mguu. Bado. Ndipo Marcel aliposimama, akajishika kiuno.

"Jamani, tuseme ukweli. Hakuna machozi hapo! Hakuna kitu! Hilo gari limetoka kiwandani safi. Huyu mama ametushindisha njaa kwa macho yake mabovu."

Bi Lusia aliweka kibuyu chini. "Binti yangu," alimwambia Vumilia, "uliona nini? Sema mbele ya watu."

Vumilia alisimama. Aliwatazama, akamtazama Mzee Bartholomeo, akakiona chumba chake cha tofali kikibomoka tofali moja moja. Akasema yote kwa mara ya nne: kwamba kulia ni neno la mafundi, kwamba aliyelipaka aliminya rangi nyingi mahali pamoja, ikateremka, ikakauka, na kwamba gari halina huzuni yoyote.

Bi Lusia alijipangusa unga mikononi.

"Kwa hiyo," alisema, "nimewaamsha wazee thelathini na mmoja kwa ajili ya langi?"

Wabebaji wanne walisogea karibu na gari, wakijua kuwa likitakiwa kukimbia, watakaokimbia ni wao.

Mzee Bartholomeo aliinuka, akaja na bakora yake, akachuchumaa kwa shida. Akatia kidole chini ya kitasa. Moja, mawili, matatu. Akarudia. Akafuta kidole, akakilamba, labda kwa ajili ya ile habari ya chumvi.

"Marcel, njoo utie kidole."

Marcel alikuja, akatia, jicho likamcheza. "Hii... hii ni mitindo, mzee. Siku hizi wanaweka hivyo makusudi. Ni ya kisasa."

"Jana ulisema roboti hakosei. Leo umesema hakuna kitu. Sasa kipo, na ni mitindo," alisema Mzee Bartholomeo. Akarudi kitini.

Lakini Bi Lusia hakuwa na habari na mabasi. Shida yake ilikuwa moja: wazee wameamshwa, wamesimama hapo, na wageni hawarudishwi mikono mitupu. "Wewe. Unaweza kulinyamazisha?"

"Naweza, mayu. Msasa laini wa maji, dawa ya kung'arishia, kitambaa, na muda."

"Basi sugua. Sisi tunaita. Likinyamaza kwa jina lipi, hilohilo. Langi na wazee wakutane mbele ya safali."

Vumilia alituma bajaji ikalete vifaa bandani, akavua kilemba, akakunja mikono ya gauni, akaosha unga kwanza, taratibu, akiguna kama anayemwogesha mtoto wa jirani aliyetelekezwa. Akazungushia msasa kwenye kipande cha sabuni ili ukae sawa, akaanza. Swish, swish. Majina yakaanza upya kutoka juu. Machibya. Lugembe. Chozi la kwanza likaondoka katikati ya Ngassa na Nkwabi, ikazuka mabishano ya ukoo, lakini Bi Lusia akaamua kwamba mtoto kupunguza kilio si kunyamaza.

Mjomba alimjongelea Vumilia kutoka nyuma, akainama kama anayetafuta kitu kilichodondoka. "Fundi," alinong'ona, "zamu ya baba yangu ikifika, bonyeza kwa nguvu. Nina jogoo mmoja, mkubwa, wa ajabu."

"Rangi haimjui baba yako, mjomba. Nikibonyeza natoboa mpaka bati, halafu litalia kweli."

Chozi la pili liliondoka kwenye mzee wa mguu wa fisi. La tatu likagoma. Lilikuwa nene, lenye kichwa. Majina yakaisha. Yakarudiwa. Wakaanza kutaja waliohama. Wakataja mmoja ambaye hajafa, akiwa amekaa palepale nyuma, akainuka kulalamika. Jua likapita utosini. Vumilia hakuona wala kusikia; alikuwa amelaza shavu karibu na mlango, jicho moja limefumbwa, akiuangalia uakisi wa nguzo ya turubai. Bado unapinda. Swish. Bado kidogo. Akabadilisha kitambaa, akaweka dawa, akazungusha.

Jikoni, mpishi mkuu aliyekuwa ameshapakua mara mbili na kurudisha mara mbili, uvumilivu ukamwisha. Alitoka na mwiko mkononi, akapiga ukelele:

"Vumilia! Vumilia jamani, watu wafe? Vumiliaaa!"

Na nguzo ya turubai, ndani ya ule wekundu, ikasimama wima.

"Limenyamaza," alisema Vumilia.

Uwanja mzima ukageuka. Bi Lusia aliinua mkono. "Ametajwa nani?"

Watu walitazamana. Mpishi akaficha mwiko nyuma.

"Nimeuliza, ametajwa nani?"

"Vumilia, mama," alisema Mabula kwa sauti ya kufa. "Ametajwa fundi."

"Lakini huyu si wa ukoo wetu!" mjomba akaruka. "Hajafa! Tena ni wa Ngokolo!"

"Gali limenyamaza au halijanyamaza?" Bi Lusia aliuliza. Akapitisha kiganja chake chini ya kitasa, kiganja kilichopima maziwa na mtama miaka themanini. Kilipita bila kukwama. "Limenyamaza. Kwetu jina likishanyamazisha, halikataliwi. Gali linaitwa Vumilia. Na mtu asiliite 'wewe' tena, ni jina la mama wa watu. Pakueni."

Ikapigwa vigelegele, nusu kwa ajili ya jina, nusu kwa ajili ya pilau. Mabula, aliyekuwa ameota kwamba matajiri wenzake wa Geita watalipatia gari lake jina la chui au la radi, alisimama akilitazama. Gari la kilomita mia tatu kwa saa, linaloitwa Vumilia, linalobebwa kwenye matuta. Mbeba mizigo mmoja alimpigapiga begani. "Jina limelifaa, tajiri," alisema. "Sisi tumekuwa tukiliambia hivyohivyo kila tuta."

Mzee Bartholomeo hakusubiri Jumapili. Alimkuta Vumilia akinawa mikono.

"Mwanangu, mabasi ni yako. Chumba tunaanza Jumatatu."

"Kwa sababu umeyagusa machozi, mzee?"

"Hapana. Yale hata Marcel ameyagusa." Alimeza tonge, akafikiri. "Mtu aliyesema 'bado' mara thelathini na moja, pilau linanukia, ukoo mzima umemkodolea macho... huyo hawezi kuniambia basi limekauka na halijakauka. Ila nakuomba kitu kimoja. Wakiwepo abiria, usiseme basi limelia."

Vumilia aliahidi. Alikuwa na furaha iliyomfanya ainue uso, na kosa lake lilikuwa hilo, maana alipoinua uso jicho lilitua juu ya paa la gari. Jua lilikuwa limelipiga kwa upande. Paa zima, kutoka kioo cha mbele hadi cha nyuma, vijipele, vijipele, vijipele.

Akauma ulimi. Lakini midomo, ile midomo yake, ilikuwa imeshatangulia.

"Umesema nini, somo wa gali?" Bi Lusia aliuliza.

"Sijasema kitu, mayu."

"Nimekusikia. Sema."

"Nimesema ganda la chungwa tu. Ni neno la..."

"Mabula!" Bi Lusia alisimama kwenye kigoda, akaita kwa ile sauti ya ng'ombe, na pilau likasimama midomoni mwa watu mia moja. "Mabula, mwanangu! Sasa gali linataka chungwa!"

Jumatatu asubuhi, mafundi wakiwa wanachimba msingi wa chumba cha tofali, gari jekundu lilipita Nyihogo. Kwenye kioo cha nyuma, kwa herufi zilizolala kidogo kana kwamba zinakimbia, lilikuwa limeandikwa VUMILIA, na mbele, juu ya plastiki ya dashibodi, palikuwa na chungwa moja kubwa, limeoshwa. Lilipofika kwenye tuta, wanaume wanne walishuka kwenye bajaji, wakasema "Shikamoo, mama," wakainama, wakalibeba.

Vumilia wa barabarani alipita akining'inia hewani. Vumilia wa bandani alifungua mdomo, akaliona lile chungwa, akaufunga.